Mtupo wa Mia Moja Arobaini na Saba

Mkono wa Lonnie Vasseur ulivunjika kwenye mtupo wa mia moja arobaini na saba, na Murphy Guidroz aliusikia ukivunjika akiwa benchini, hatua thelathini kutoka pale kijana aliposimama. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa kijiti kibichi kinachovunjwa ndani ya blanketi. Lonnie hakupiga kelele. Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake, akatembea mwenyewe kutoka katikati ya uwanja hadi benchini, akaketi. Mashabiki elfu nne wa chuo cha Saint Aubin, waliokuwa wakiimba tangu adhuhuri, walinyamaza kimya.

Murphy alikuwa kocha wa warushaji wa chuo hicho kwa mwaka wa kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha besiboli vijana wanaorusha mpira, kuhesabu mitupo yao, kuangalia mabega na viwiko vyao, na kusema mkono wa nani umechoka. Kusema tu. Kuamua nani atoke na nani abaki uwanjani ilikuwa kazi ya kocha mkuu, Doyle Strickler, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, ambaye nusu ya jimbo la Louisiana ilimheshimu na nusu nyingine ilimwogopa.

Jumapili ile Murphy alisema mara mbili kwa mdomo. Lonnie alikuwa amerusha mchezo mzima siku ya Ijumaa. Hakupaswa hata kuvaa viatu vya uwanjani Jumapili. Mitupo ilipofika mia, Murphy alimsogelea Strickler.

"Doyle, mtoe. Amechoka."

"Bado ana nguvu."

Ilipofika mia na ishirini alimsogelea tena. "Kiwiko kimeanza kushuka. Mtoe, nakuomba."

"Kaa chini, Murphy. Siku ukiwa kocha mkuu utamtoa unayemtaka."

Ilipofika mia na arobaini, Murphy aliinuka mara ya tatu. Strickler alimkata jicho. Murphy akakaa. Mitupo saba baadaye, ukano wa kiwiko ukakatika.

Jumatatu, Earline, mkewe Murphy, alikuwa amepika wali na maharage mekundu kama kila Jumatatu, na gazeti lilikuwa mezani kando ya sahani. Strickler alikuwa amesema na waandishi. Mkono wa kijana, alisema, ulikuwa ukimuuma tangu Ijumaa. Kocha wa warushaji alijua, akaficha. "Laiti ningeambiwa," Strickler alisema, "nisingemwacha kijana arushe hata mara moja."

Earline, aliyefundisha darasa la tatu na hakuwahi kusikika akitukana, alisoma mara mbili kisha akalisukuma gazeti. "Amekuuza huyu mbwa," alisema. "Amekuuza mchana kweupe."

Murphy hakugusa chakula. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Strickler, akamkuta anakunywa kahawa.

"Nilikuambia, Doyle. Benchi zima lilisikia."

"Benchi zima lina vijana wanaotaka kucheza mwakani," Strickler alisema. "Waulize walisikia nini." Akaweka kikombe chini, na sauti yake ikalainika kidogo. "Mtu mmoja lazima aondoke, Murphy. Chuo kinataka mtu. Ni wewe au mimi, na uwanja huu nimeujenga mimi."

"Na Lonnie?"

"Lonnie atapasuliwa, atapona. Wewe pia utapona."

Murphy alisimama mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, asiye na mazoea ya vitisho, na maneno yaliyomtoka yalimshangaza hata yeye. "Kocha asiye na warushaji si kocha. Popote utakapokwenda kutafuta kijana wa kurusha, Doyle, utakuta nimeshatangulia. Mpaka ubaki na uwanja mtupu."

Strickler alicheka. Si kicheko cha dharau. Alicheka kama mtu aliyesikia mzaha mzuri kutoka kwa mtu asiyemtarajia. Kicheko hicho ndicho Murphy alichokwenda nacho nyumbani, na alikaa nacho miaka sita.

Chuo kilimfukuza, na miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya aibu. Alipiga simu vyuo ishirini na tatu. Hakuna aliyerudisha simu. Gazeti lilikuwa limemtangulia kila mahali. Akapata kazi ya kufundisha jiografia katika shule ya sekondari, na jioni alikuwa akiwafundisha watoto wa miaka kumi na minne namna ya kushika mpira. Watu wa Saint Aubin walipokutana naye dukani waligeukia rafu za unga wakajifanya wanasoma. Mkono wa Lonnie ulipasuliwa mara mbili na haukunyooka tena. Murphy alizipata habari hizo kwa watu. Mara nyingi alishika simu ili ampigie Lonnie, na mara zote aliirudisha mahali pake.

Mwaka wa tatu simu yake ndiyo iliyolia. Alikuwa Otis Pettway, kocha mkuu wa chuo cha Corley, upande wa pili wa mto, katika jimbo la Mississippi. Corley ilikuwa timu dhaifu iliyopigwa na Saint Aubin kila mwaka kana kwamba ni sehemu ya ratiba.

"Guidroz," Pettway alisema, "bado unajua kufundisha kurusha, au umeshakuwa mtu wa ramani?"

"Umesoma gazeti, Kocha?"

"Nimesoma. Lakini siku ile nilikuwa jukwaani, viti vya nyuma ya benchi lenu. Nilikuona ukiinuka mara tatu. Mtu anayeficha jambo hainuki mara tatu. Unakuja au huji?"

Murphy alikwenda. Mshahara ulikuwa kiduchu, ofisi ilikuwa chumba cha kuwekea ndoo na fagio, na mvua iliponyesha uwanja uligeuka kinamasi. Hakujali. Wiki ya kwanza tu alichukua orodha ya warushaji wote wazuri wa sekondari katika majimbo yale mawili, akaweka alama mbele ya kila jina ambalo Strickler alikuwa akilifuata. Yalikuwa kumi na tisa. Kisha akaanza kutembelea majikoni.

Maana huko ndiko kijana hupatikana. Baba husikiliza habari za uwanja na viatu vya bure, lakini mama hukaa jikoni, na asiyekubaliwa jikoni harudi na kijana. Murphy alikula majikoni yale bamia, kambale wa kukaanga, pai za viazi vitamu, na hakumsema Strickler vibaya hata mara moja. Alikuwa amejiwekea sharti hilo. Alieleza atakavyomfundisha kijana, mitupo mingapi kwa juma, siku ngapi za kupumzika. Halafu, akishika kofia yake tayari kuondoka, alisema jambo moja.

Bi. Verna Latiolais ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisikia. Alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi kiwanda cha sukari, na mwanawe Tate alirusha mpira kwa kasi ambayo Murphy alikuwa ameiona mara mbili tu maishani.

"Kocha Strickler atakuja Alhamisi," Bi. Latiolais alisema. "Nakuambia ili usije ukasema nilikuficha."

"Mpokee vizuri, mama. Ni kocha mkubwa kuliko mimi," Murphy alisema. "Ila muulize swali moja. Muulize, siku mkono wa Lonnie Vasseur ulipovunjika, kijana alikuwa amerusha mara ngapi."

"Halafu?"

"Basi. Sikiliza atakavyojibu."

Alhamisi Strickler alikuja na pete yake ya ubingwa kidoleni. Bi. Latiolais alimpa kiti, akampa pai, akamuuliza. Strickler alisema zilikuwa kama mia hivi, labda na kumi. Bi. Latiolais akainuka, akafungua droo ya visu, akatoa gazeti la zamani alilokuwa amelipata maktaba siku iliyotangulia.

"Hapa wameandika mia moja arobaini na saba," alisema. "Na Ijumaa yake mia moja na kumi na mbili. Kama unanidanganya juu ya mtoto wa mwenzangu, wa kwangu utanidanganyaje? Maliza pai yako."

Tate Latiolais alikwenda Corley.

Akina mama wanapigiana simu. Baada ya mwaka mmoja Murphy hakuwa na haja ya kuwafundisha swali. Alipofika alikuta limeshaulizwa. Strickler alijaribu kila jibu. Alisema hakumbuki. Alisema ndivyo mchezo ulivyokuwa. Alisema kulikuwa na kocha msaidizi aliyemficha ukweli, na mama mmoja wa Hattiesburg akamwambia, "Huyo msaidizi alikaa hapo hapo ulipokaa, juzi. Alikula vizuri kukushinda." Mwaka wa kwanza wa Murphy huko Corley, Strickler alipoteza warushaji wanne aliowataka. Wa pili, sita. Mwaka wa tatu alimpigia Murphy simu.

"Unafurahi?" aliuliza.

"Habari za siku nyingi, Doyle."

"Usiniletee adabu zako. Unakwenda nyumba kwa nyumba kunichafulia jina."

"Sijasema neno moja juu yako. Waulize. Ninawaambia wakuulize hesabu tu, na hesabu ni yako."

Murphy alisikia pumzi ya Strickler na hakuharakisha. Alijiegemeza kwenye ukuta wa ofisi yake ya mafagio, akaisikiliza pumzi ile kama mtu anayesikiliza muziki.

"Unataka nini?" Strickler alisema hatimaye. "Niseme gazetini? Miaka mitano imepita, nani atajali?"

"Sitaki useme kitu."

"Basi unataka nini?"

"Nilishakuambia siku ile. Ukacheka."

Akakata simu, akatoka kwenda uwanjani, na mchana kutwa aliwafundisha vijana wake akipiga mluzi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, wakati wa mazoezi ya alasiri, gari la fundi wa viyoyozi liliegeshwa kando ya uzio. Murphy alidhani limekuja kutengeneza ofisi ya Pettway. Aliyeshuka alikuwa Lonnie Vasseur. Alikuwa amenenepa, amefuga ndevu, na mkono wake wa kulia ulibaki umepinda kidogo mbele ya tumbo kama wa mtu aliyebeba kitabu.

"Lonnie! Mwanangu!"

"Sikai sana, Kocha." Lonnie hakutoa mkono. "Juzi nilikwenda kutengeneza kiyoyozi kwa mama mmoja huko Opelousas. Aliposoma jina langu kwenye karatasi, akamwita mumewe na shemeji zake waje wanione. Akasema, 'Kumbe wewe ndiye mia arobaini na saba!' Akataka kuugusa mkono."

Murphy aliivua kofia yake.

"Nina mke, nina biashara yangu, nina mtoto," Lonnie alisema. "Watu walikuwa wameshaanza kusahau. Sasa kila jiko ninaloingia mkono wangu umeshafika kabla yangu. Nani ameupeleka?"

"Lonnie, ninakulipizia. Alichokufanyia yule..."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, lakini..."

"Miaka sita, Kocha. Hukuja hospitali. Hukunipigia hata simu. Lakini kwa akina mama wa watu umefika."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?" Lonnie alimtazama usoni. "Nitakuambia mimi. Kwenye mtupo wa mia na arobaini niliona ukiinuka. Nikasema moyoni, afadhali, anakuja kunichukua. Mkono ulikuwa unawaka moto, nisingeweza kusema mbele ya watu wote wale, lakini wewe ungesema. Halafu ukakaa. Hilo huwa unawaambia huko majikoni?"

Aliingia ndani ya gari, akaondoka. Murphy alisimama kwenye uzio mpaka Tate Latiolais akaja kumuuliza kama mazoezi yamekwisha.

Mtu mwingine pengine angeacha siku hiyo. Murphy hakuacha. Maneno yale yalimwingia kama mwiba, na kwa kuwa hakuweza kuuchomoa aliupeleka palepale alipozoea kupeleka maumivu yake yote: kwa Doyle Strickler. Hilo nalo alilihesabu katika deni la Strickler. Majuma yaliyofuata alikwenda katika nyumba tano zaidi, na swali likaulizwa katika zote tano.

Mwezi wa tano, Corley na Saint Aubin zilikutana katika mashindano ya kanda. Atakayeshindwa siku hiyo anarudi nyumbani. Televisheni ilikuwepo. Wakuu wa Saint Aubin walikuwepo pia, wameketi safu ya mbele, na kila mtu alijua Strickler akishindwa na Corley hatakuwa na kazi. Alikuwa amebakiwa na mrushaji mmoja tu wa kumtegemea, kijana wa mwaka wa pili aitwaye Cullen Marsh, ambaye alikuwa amerusha siku tatu tu kabla.

Kabla ya mchezo Murphy aliwakusanya wapigaji wa Corley, jambo ambalo halikuwa kazi yake.

"Msiwe na haraka," aliwaambia. "Mpira wa mbali uacheni upite. Wa karibu ugongeni kando tu, utoke nje, arushe tena. Sitaki mmalize naye upesi. Nataka afike mitupo mia kabla ya zamu ya tano. Hana mwingine wa kumpokea."

Pettway alimvuta pembeni. "Hiyo ni mbinu au ni kisasi?"

"Vyote viwili."

Pettway alikuna kidevu. "Ikileta ushindi, leo sitakuuliza tena."

Mbinu ilifanya kazi. Vijana wa Corley walisimama na magongo yao kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Walitazama mipira ikipita, waligonga kando, waligonga kando tena. Mpigaji mmoja peke yake alimla Cullen Marsh mitupo kumi na miwili. Upande wa Corley Tate Latiolais alirusha zamu tano, na Murphy akamtoa akiwa na mitupo themanini na moja, mkono wake ungali mzima, akamwingiza mwingine, kisha angemwingiza mwingine tena. Alikuwa nao saba. Aliwapanga kando ya uwanja, mahali pa kupasha misuli joto, wote kwa pamoja bila sababu yoyote, ili tu Strickler awaone.

Na Bi. Latiolais, jukwaani, akiwa na kofia ya manjano pana kama sinia, ndiye aliyeanza kuhesabu kwa sauti. Ilikuwa tisini. Mitupo ya tisini na moja na tisini na mbili ikahesabiwa na safu yake nzima. Kwenye mia ilikuwa ni jukwaa zima la Corley, na kwenye mia na kumi hata baadhi ya watu wa Saint Aubin walikuwa wameanza, wazazi wenye watoto, wakihesabu bila kushangilia. "Mia na kumi na moja! Mia na kumi na mbili!" Strickler alisimama mbele ya benchi lake amekunja mikono, na uso wake, Murphy aliona vizuri kutoka upande wa pili, ulikuwa umepauka kama wa mtu aliyesomewa hukumu.

Murphy hakujidanganya kamwe kuhusu alichohisi dakika zile. Kilikuwa kitamu. Kilimshuka kooni kama maji baridi kwa mtu aliyefunga miaka sita.

Mtupo wa mia na ishirini na moja ulipaa juu ya kichwa cha mdakaji. Murphy alijua kabla mpira haujafika. Kiwiko cha Cullen Marsh kilikuwa kimeshuka chini ya bega, na vidole vyake, baada ya kuachia mpira, vilifunguka na kufumba vyenyewe. Hakuna mtu mwingine uwanjani aliyeona. Ni kazi ya miaka thelathini kuona kitu kile.

Mia ishirini na mbili. Murphy hakuinuka. Mtupo mmoja zaidi, alifikiri, au kumi, na televisheni itaonyesha nchi nzima Doyle Strickler ni mtu wa namna gani, na hapatakuwa tena na haja ya kuuliza mtu swali. Mia ishirini na tatu. Hakuinuka. Alitazama mikono yake kando ya magoti, akaona imekamata kingo za benchi kama ilivyokamata siku ile.

Mia ishirini na nne uligongwa kando, ukampiga mdakaji kwenye barakoa, na mwamuzi akasimamisha mchezo. Murphy aliinuka. Alivuka mstari, akakatiza uwanja katikati, moja kwa moja kwenye benchi la Saint Aubin, huku Pettway akimwita nyuma yake.

"Doyle, mtoe. Kiwiko kimeshuka."

"Mwamuzi!" Strickler alipiga kelele. "Mtoe mtu huyu uwanjani!"

"Unavunja mkono wa pili."

"Ninavunja mimi?" Strickler alimwinamia, sauti ya kanisani imekwisha, imebaki mkwaruzo. "Nani amewaambia wale wasipige? Unadhani sijaona? Nimtoe nimwingize nani, Murphy? Nani? Umewachukua wote! Mkono huu tunauvunja sisi wawili."

Murphy aligeuka, akamtazama Cullen Marsh aliyekuwa amesimama katikati ya uwanja, karibu kiasi cha kusikia.

"Kijana," alisema, "unaumwa?"

"Usimjibu!" Strickler alisema.

Cullen alimtazama kocha wake muda mrefu. "Tangu zamu ya tatu, Kocha," alimwambia Strickler. "Samahani." Akaja, akauweka mpira kwenye kiganja cha Strickler, akampita, akaketi benchini.

Mwamuzi alimfukuza Murphy, naye akatoka kwa lango la nyuma bila ubishi. Kutoka pale aliona Strickler amesimama na mpira mkononi, anatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumpa. Mwishowe alimpa mchezaji wa pembeni ambaye hakuwahi kurusha tangu utotoni. Corley ilishinda kumi na tano kwa mbili. Mkono wa Cullen Marsh ulikutwa umevimba, haukukatika. Siku tisa baadaye Doyle Strickler hakuwa na kazi.

Earline alichemsha kamba wa mtoni uani na Pettway akaja na mkewe. Walikula mpaka meza ikafunikwa maganda, na Murphy alicheka siku hiyo hadi machozi. Furaha ile ilidumu kiangazi chote. Alipoamka asubuhi ilikuwa bado ipo, na alipokwenda dukani watu wa Saint Aubin hawakugeukia tena rafu za unga.

Mwezi wa kumi alisikia Strickler anauza vifaa vya kuvulia samaki kwenye duka la binamu yake, kando ya ziwa. Aliendesha gari saa moja na nusu ili akamwone.

Strickler alikuwa nyuma ya kaunta anafunga nyuzi kwenye ndoana. Hakushtuka. "Umekuja kununua au kutazama?"

"Kutazama."

"Haya, tazama."

Murphy alitazama. Alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno makali, lakini mtu aliyemwandalia hakuwepo pale. Alikuwepo mzee aliyevaa miwani ya kusomea.

"Nilikusikia," Strickler alisema bila kuinua macho. "Mara zote mbili, na ya tatu ulipoinuka nilijua unachotaka. Nilitaka kushinda. Ndiyo hivyo tu, hakuna jingine."

"Kaseme hivyo kwa Lonnie."

"Nilishasema. Mwezi wa saba nilikwenda kwake. Tulikaa barazani saa nzima, mkewe akatupa chai ya barafu." Alikata uzi kwa meno. "Akaniuliza habari zako. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akasema hujawahi kufika."

Murphy alitoka bila kuaga. Garini aliupiga usukani kwa ngumi mara mbili. Hasira iliyompanda haikuwa ile aliyoizoea. Strickler, mwongo yule, mwuaji wa mikono ya watoto wa watu, alikuwa amemtangulia kwenye mlango mmoja ambao hakuna aliyewahi kumzuia Murphy kuufikia. Alitia gari moto, na badala ya kurudi nyumbani akakata kushoto.

Lonnie alikuwa uani kwake, amepiga magoti mbele ya kiyoyozi kikubwa kilichofunguliwa ubavu. Alimwona, akaendelea na kazi.

"Niliinuka, nikakaa," Murphy alisema akiwa bado amesimama kwenye nyasi. "Niliogopa kupoteza kazi. Ningeweza kutembea hadi pale ulipokuwa nikakuchukua, na Doyle asingeweza kunirudisha mbele ya watu elfu nne. Nilijua hivyo hata wakati ule. Nimekuja kukuambia."

Lonnie alifungua skrubu moja, akaiweka kwenye kifuniko cha kopo. "Na kisasi chako?"

"Nimelipiza. Sitakudanganya, kilikuwa kitamu. Kesho ningefanya tena, ila ningekuuliza kwanza."

"Ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

Lonnie aliguna, karibu kucheka. "Siku ile niliangalia kwenye televisheni," alisema. "Nilihesabu nao. Mke wangu alikuja kutoka chumbani kuona ninampigia nani kelele. Mia na kumi na tano, mia na kumi na sita. Nilisimama juu ya kochi, Kocha. Halafu nikaona kiwiko cha yule kijana." Alifungua skrubu nyingine. "Nikazima. Sikuona ukivuka uwanja. Nilisimuliwa."

"Nilichelewa mitupo mitatu."

"Mitatu?"

"Nilikaa mitupo mitatu najua. Nilitaka kiwiko kivunjike."

Lonnie alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike, akimpima kwa macho kuanzia viatu hadi kofia. Kisha akasogea upande mmoja, akaonyesha bamba la chuma lililokuwa likining'inia. "Hili huwa linanisumbua, mkono wangu haufiki kule nyuma," alisema. "Shika hapa. Usiachie mpaka nikuambie."

Murphy alipiga magoti kwenye nyasi, akalishika.